Filta ya Dizeli Haisomi Kilometa: Mhadhara kwa Wenye Pikapu na Mafundi Wao

Mtu akienda duka la spea, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, akauliza filta ipi ya dizeli inafaa pikapu yake, ataulizwa aina ya injini, kisha ataletewa ile inayoingia. Akiuliza ibadilishwe lini, atatajiwa kilometa. Majibu yote mawili yanalitazama gari. Hoja yangu ni kwamba tunatazama pasipotakiwa. Gari linaamua filta ifungwe wapi na iwe na umbo gani. Mafuta ndiyo yanayoamua filta hiyo ichuje kwa kiwango gani na ikae muda gani. Asiyejua anajaza mafuta ya namna gani hajui anahitaji filta gani, hata kama kitabu cha gari amekihifadhi kwenye dashibodi kikiwa na plastiki yake.

Tuanze na sababu iliyolifanya jambo dogo kuwa kubwa. Injini kama 2L na 3L za Toyota Hilux za zamani, au 1HZ ya Land Cruiser, hutumia pampu ya kimekanika, na noseli zake hufunguka kwa shinikizo la bar mia na kitu tu. Noseli ya namna hiyo ikichakaa, gari hutoa moshi, hula mafuta, hugonga asubuhi, lakini linatembea, na mwenyewe huweza kuishi nalo hivyo mwaka mzima. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilianza kufunga mfumo wa komoni reli kwenye malori ya Hino, na mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ikauzwa ikiwa gari dogo la kwanza lenye mfumo huo. Pikapu zikafuata: Hilux za 2KD na 1KD, Isuzu D-Max ya 4JJ1, Ford Ranger na nyinginezo ambazo leo zimejaa barabarani kwetu. Humo pampu moja hujaza bomba moja nene kwa shinikizo linalozidi bar 1,300, na katika injini za karibuni hupita 2,000. Kisha kompyuta hufungua kila noseli kwa muda unaopimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Ili shinikizo kubwa hivyo lisivuje, nafasi kati ya vipande vinavyosuguana ndani ya noseli huachwa maikroni mbili, tatu au nne hivi. Maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una kama 70.

Kumbukeni pia kwamba ndani ya pampu na noseli hizo hakuna oili. Kilainishi ni dizeli yenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuuza, kuanzia Januari 2015, dizeli isiyozidi salfa sehemu 50 kwa milioni, na uamuzi huo ni mwema kwa mapafu yetu, sina ugomvi nao. Lakini usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia baadhi ya viambata vilivyokuwa vinaipa dizeli utelezi wake, na watengenezaji hulazimika kuurudisha kwa dawa maalumu. Basi injini mpya ina nafasi finyu zaidi, shinikizo kubwa zaidi, na kilainishi ambacho utelezi wake umewekwa kwa makusudi. Chembe iliyopita katika injini ya 3L bila mtu kujua, humu inakwaruza.

Chembe yenyewe ni nini? Kwa sehemu kubwa ni vumbi la kawaida, na ndani ya vumbi hilo mna kwazi, madini ya mchanga, ambayo ni magumu kuliko chuma kilichokomazwa cha noseli. Chembe kubwa sana haiingii kwenye nafasi finyu. Ndogo sana hupita bila kugusa kuta. Inayoharibu ni ile inayolingana na nafasi yenyewe, ya maikroni mbili hadi tano, kwa sababu huingia, hubanwa, na husaga pande zote mbili. Jicho la kawaida huanza kuona kitu kwenye maikroni kama 40. Kwa hiyo yule anayemimina dizeli kwenye glasi, akaiinua juani, akasema "hii safi", anasema kweli kuhusu uchafu usio na madhara makubwa, na hana habari na ule wenye madhara.

Upo utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu chembe hizi, ISO 4406, na Mkataba wa Mafuta Duniani, ambao huandaliwa na watengenezaji wa magari wenyewe, unapendekeza dizeli isizidi kiwango cha 18/16/13. Namba ya kwanza, 18, maana yake ni chembe kati ya 1,300 na 2,500 zenye ukubwa wa maikroni nne au zaidi katika kila mililita moja. Hayo ndiyo mafuta safi. Tuchukue chembe 2,000 kwa mililita tupige hesabu. Lita moja ina chembe milioni mbili. Pikapu inayotumia lita 10 kwa kilometa 100 inapeleka chembe milioni 20 kwenye filta katika safari moja isiyofika hata Dar es Salaam hadi Morogoro. Na hizo ni lita zinazochomwa tu. Mfumo wa komoni reli hurudisha tenkini sehemu ya dizeli uliyoivuta, ikapita tena filtani.

Sasa chukueni filta mbili ambazo zote zimeandikwa "maikroni 4". Ya kwanza inakamata nusu ya chembe za ukubwa huo. Ya pili, katika kila chembe 75 zinazoingia, inaachia moja. Zote mbili zina haki ya kuandika 4 kwenye boksi, kwa sababu hakuna anayemlazimisha muuzaji kueleza ni 4 ya namna gani. Katika kilometa zile 100, ya kwanza inapitisha chembe milioni 10, ya pili inapitisha kama 267,000. Tofauti hiyo huitwa uwiano wa beta: beta ya 2 ni ile ya nusu kwa nusu, beta ya 75 ni ukamataji wa asilimia 98.7. Maabara hupima kwa utaratibu wa ISO 19438. Maikroni bila beta ni namba isiyo na maana, na naomba mtu asiuziwe filta kwa namba hiyo peke yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kaunta ya spea. Filta inayojulikana madukani kwa namba ya Toyota 23303-64010, kopo la kuzungusha kwa mkono, imefungwa kwenye 2L, 3L, 1HZ na injini nyingine kadhaa. Kwa kuwa umbo na thredi ni zile zile, makampuni mengi duniani yanatengeneza kopo linaloingia hapo. Kuingia ni jambo la thredi. Ndani ya kopo mnaweza kuwa na karatasi ya mimea peke yake, au karatasi iliyochanganywa na nyuzi za sintetiki, au tabaka mbili tatu za kazi tofauti, na kwa nje yote ni kopo moja la rangi moja. Injini ya 1HZ itaivumilia ile ya kwanza. Fundi akitoa kopo la daraja hilo akalifunga kwenye komoni reli kwa kichwa cha filta cha kubuni, kama wafanyavyo wengine ili kupunguza gharama, amefanya kazi nzuri ya bomba na kazi mbaya ya uchujaji.

Wapo watakaosema: basi nunua ya kampuni iliyotengeneza gari, mazungumzo yaishe. Hilo ni jibu salama lakini si jibu kamili. Makampuni ya magari kwa kawaida hayatengenezi karatasi ya filta. Huagiza kwa wenye ujuzi huo, kama Denso, Bosch, Mann, Mahle au Donaldson, na hao huuza pia kwa majina yao. Filta ya mtengenezaji wa namna hiyo, yenye namba inayolingana na injini yako, si ya kuonewa shaka kwa sababu tu boksi halina nembo ya gari. Shaka iende kwa ile yenye nembo ya gari na bei ya nusu. Bidhaa bandia zina sheria zake, Kenya kwa sheria ya mwaka 2008 na Tanzania kupitia Tume ya Ushindani, lakini sheria haisimami na mnunuzi kaunta. Mnunuzi ana mikono. Ashike filta ya kikombe, ile isiyo na kopo, atazame mikunjo ya karatasi: iwe imelingana, isiyoegemeana kama safu ya vitabu vilivyoanguka. Gundi ya mwisho wa mikunjo izunguke yote bila pengo, maana pengo moja hapo ni mlango wazi na karatasi iliyobaki inakuwa pambo. Oringi isiwe na mshono unaoguswa kwa kucha. Filta bandia mara nyingi ina mikunjo michache, na mikunjo michache ni eneo dogo la kuchujia, hata kama karatasi yenyewe ingekuwa nzuri.

Upo upande wa pili, na huu huwakamata wale waliosoma nusu. Kama chembe ndogo ndiyo adui, kwa nini tusifunge filta nyembamba kupita zote, ya maikroni mbili, tukalala? Kwa sababu filta ya dizeli katika pikapu nyingi hizi hufanya kazi kwa kuvutwa. Katika Hilux za 2KD na 1KD hakuna pampu tenkini; pampu ya injini ndiyo inayovuta dizeli kutoka nyuma kabisa ya gari, kupitia filta, hadi mbele. Kila ukibana njia, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, na dizeli inayovutwa sana huachia mapovu ya hewa na mvuke. Pampu ikipokea povu, hailainishwi. Gari litakwenda vizuri mjini, tena litakufurahisha, kisha likipakia tani na kuanza kupanda mlima wa Kitonga, mahali ambapo injini inadai mafuta mengi kwa mfululizo, litakata nguvu na taa kuwaka. Fundi atatafuta kosa kwenye tabo na kwenye sensa, kumbe injini ina njaa tu.

Jibu la haki kati ya hatari hizo mbili, ya chembe na ya njaa, ni kuchuja kwa hatua mbili. Mbele ya filta ya gari, kwa maana ya upande wa tenki, huwekwa filta ya awali yenye nafasi kubwa, maikroni 10 hadi 30, yenye kikombe cha kukusanya maji. Hiyo hubeba mzigo mkubwa wa takataka na maji, na ile ya gari, nyembamba, hubaki na kazi yake ya mwisho. Mpangilio ukigeuzwa, nyembamba ikatangulia, nyembamba hujaa upesi na ya pili haina la kufanya. Na kila kiungo kipya ni nafasi mpya ya hewa kuingia. Kwa kuwa njia hii inavutwa, klipu iliyolegea haitadondosha dizeli chini ukaiona. Itanyonya hewa kimya kimya. Dalili yake ni gari kusumbua kuwaka alfajiri baada ya kulala, kwa sababu usiku dizeli imerudi tenkini. Pikapu inayojaza kila siku kwenye kituo chenye wateja wengi mjini haihitaji filta ya awali, na mwenye kuiuza kwa kila mtu anafanya biashara tu. Inayojaza kwenye madumu na mapipa inaihitaji.

Nimetaja maji, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu katika ukanda wetu wa pwani maji huharibu kuliko vumbi. Dizeli ina uzito wa kama gramu 840 kwa lita, maji gramu 1,000, kwa hiyo maji huru hushuka chini, na hilo ni jema. Shida ni jinsi yanavyoingia. Tenki lililo nusu lina hewa, na hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja imejaa unyevu. Mchana dizeli ya moto inayorudi kutoka injini hupasha tenki. Usiku tenki hupoa, unyevu hugeuka matone kwenye kuta na kutiririka. Kiasi ni kidogo kila siku, lakini kinaongezeka, nacho hakitoki chenyewe. Maji yakifika kwenye noseli yenye joto, hugeuka mvuke ghafla na kuweza kuing'oa ncha. Yakilala kwenye pampu wakati gari limeegeshwa, hutia kutu mahali pa maikroni mbili. Na mpakani pa maji na dizeli huota viumbe vidogo, ukungu uitwao Hormoconis resinae ukiwa maarufu kuliko wote, ambao hula dizeli na kuishi majini. Mazao yao ni ute unaoziba karatasi. Filta iliyojaa ute wa namna hiyo baada ya muda mfupi haikuwa mbovu. Tenki ndilo linaloumwa, na kubadilisha filta tatu mfululizo bila kusafisha tenki ni kutupa hela.

Uwezo wa kutenga maji nao hupimwa, kwa utaratibu wa ISO 16332, na ni tofauti na uwezo wa kukamata chembe. Karatasi nzuri kwa vumbi inaweza kupitisha maji yaliyosagika kuwa matone madogo, hasa kama dizeli imechanganyika na vitu vyenye tabia ya sabuni, vinavyozuia matone kuungana. Kwa hiyo swali la pili kaunta, baada ya beta, ni hili: inatenga maji, na ina vali ya kumwagia chini? Kama inayo, itumieni. Kila mwezi, na kila baada ya kujaza mahali usipopajua, weka chupa safi ya kioo chini ya vali, fungua, piga pampu ya mkono mara chache, acha itulie. Maji yatakaa chini na mstari utaonekana wazi, mara nyingine yakiwa matone ya duara yanayotembea ukiinamisha chupa. Dizeli yenye afya ni angavu. Ikiwa na utusitusi kama ukungu, maji yako ndani yake na hayajatengana. Taa ya maji kwenye dashibodi si mbadala wa chupa hiyo. Taa huwaka kikombe kikishajaa.

Sasa tuje kwenye kilometa. Vitabu vingi vya pikapu za dizeli hutaja filta kubadilishwa kati ya kilometa 20,000 na 40,000, na huongeza maneno kuhusu mazingira magumu ambayo wasomaji huyaruka. Mtengenezaji hakukosea. Alikuwa na mafuta fulani kichwani. Kiwango cha Ulaya cha dizeli, EN 590, kinaruhusu uchafu wa jumla usiozidi miligramu 24 kwa kilo. Pikapu yetu ya lita 10 kwa kilometa 100 itachoma lita 2,000 katika kilometa 20,000, yaani kilo 1,680 hivi, na kwa mafuta yaliyo ukingoni kabisa mwa kiwango hicho filta itakuwa imepokea gramu 40 za uchafu. Kwa mafuta yaliyo safi mara kumi ya hapo, imepokea gramu nne. Kilometa ni zile zile. Wekeni Hilux mbili za mwaka mmoja, moja ya ofisi Dar es Salaam, nyingine inayobeba vitunguu kutoka Mang'ola na kujaza dizeli ya pipa pale inapopatikana, halafu mniambie kilometa zinatueleza nini juu ya filta zao. Tena pikapu inayonguruma bila kutembea, inapopakia au inaposubiri kwenye foleni, inavuta dizeli bila kuongeza kilometa hata moja.

Pingamizi la kwanza hapa ni la wahasibu: kampuni yenye magari 30 haiwezi kuendesha ratiba kwa chupa na hisia, inahitaji namba. Nakubali inahitaji namba, na namba hiyo inapatikana. Badilisha filta ya kwanza kwenye nusu ya kilometa za kitabu, kisha ifungue. Ya kikombe hukatwa kwa kisu. Ya kopo hukatwa kwa kikatio cha bomba, si kwa grainda, maana grainda hutoa cheche karibu na dizeli na hujaza karatasi unga wa chuma ambao baadaye utadhani umetoka kwenye mfumo. Tandaza mikunjo. Weusi peke yake usikutishe: dizeli iliyopashwa joto na kurudishwa mara nyingi huacha utando mweusi laini, nao ni wa kawaida. Tafuta unga unaokwaruza kati ya vidole, wekundu wa kutu, ute, na vipande vya mpira au vya chuma kinachong'aa. Hivyo vya chuma ni ujumbe tofauti kabisa, kwamba kitu kimeanza kujisaga, pengine pampu ya tenkini kwa magari yaliyo nayo. Karatasi ikiwa safi kiasi, kundi hilo la magari linalojaza mahali pamoja linaweza kufuata kitabu. Ikiwa imejaa, ratiba ni hiyo nusu, au chini yake. Sasa mhasibu ana namba, nayo imetoka kwenye mafuta anayonunua.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na hutoka kwa wanaojua. Filta mpya huchuja vibaya kuliko iliyotumika kidogo, kwa sababu uchafu wa kwanza unaokamatwa hupunguza matundu ya karatasi na kusaidia kukamata wa pili. Ni kweli. Na kila ukifungua mfumo, unaingiza vumbi la gereji upande ambao hauna ulinzi tena. Kwa hiyo anayebadilisha kila kilometa 3,000 kwa hofu anajidhuru. Lakini faida hiyo ya filta kuukuu ina kikomo: uchafu ukizidi, mvuto unapanda, karatasi inasukwasukwa na mtikisiko wa injini kila inapowaka na kuzimwa, na sehemu ya kilichokamatwa huachiwa kiende mbele. Pingamizi hili haliirudishi hoja ya kilometa. Linatukataza tu kubadilisha kwa mazoea, upande wa kuchelewa na upande wa kuharakisha vilevile.

Kwa hiyo namna ya kubadilisha ni sehemu ya uchujaji. Tazameni kopo la filta kwa chini: lina tundu moja kubwa katikati lenye thredi, na vitundu vidogo vinavyolizunguka. Dizeli chafu huingia kwa vitundu vya pembeni, hupita karatasi, hutokea katikati ikiwa safi. Fundi anayejaza kopo jipya kwa kumimina dizeli ya kwenye dumu katika tundu la katikati, ili gari liwake upesi, amemimina dizeli isiyochujwa upande wa noseli. Kosa hili hufanywa kila siku na watu hodari. Kopo lifungwe likiwa tupu, oringi ikiwa imepakwa dizeli safi, likazwe kwa mkono kadiri lilivyoandikwa ubavuni, kisha pampu ya mkono ipigwe mpaka iwe ngumu. Inachosha, lakini ndiyo kazi. Kabla ya kufungua, eneo lote lipulizwe na kufutwa, na sensa ya maji ihamishwe kwenye filta mpya ikiwa na oringi mpya. Na mafundi wa zamani wasilete kwenye komoni reli ule mtindo wa kulegeza nati za noseli ili kutoa upepo huku injini ikizungushwa. Dizeli ya bar elfu moja hupenya ngozi, na mkono ulioingiwa na dizeli hupelekwa hospitali haraka hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Kuhusu kuosha filta kwa petroli na kuipuliza kwa kompresa, sitapoteza muda. Hewa ya kompresa hupanua na kuchana karatasi, na mpasuko wa maikroni 30 hauonekani kwa jicho. Filta iliyopulizwa hupitisha dizeli vizuri sana, na hilo ndilo tatizo lake.

Lazima pia niseme filta isichoweza, maana tumeuziwa ahadi nyingi. Haiondoi mafuta ya taa. Mafuta ya taa huyeyuka ndani ya dizeli, yanapita karatasi yoyote, na kwa kuwa ni mepesi na hayana utelezi wa kutosha, huichakaza pampu hata kama hakuna chembe hata moja. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchakachua, na Tanzania iliweka vinasaba kwenye mafuta kuanzia 2010 kwa sababu hiyo hiyo. Huko ndiko tatizo hilo linakotibiwa, kwenye bei na ukaguzi. Mwenye pikapu anaweza tu kuchagua kituo na kudumu nacho, akadai risiti, na asijaze wakati lori la mafuta linashusha, kwani mashapo ya tenki la ardhini huwa yametibuka.

Mwisho ni bei. Inasemwa kwamba filta nzuri ni ghali kwa mtu anayetafuta riziki kwa pikapu moja. Bei ya noseli moja mpya ya komoni reli hununua filta zaidi ya kumi, injini ina noseli nne, na nyingi kati yake zina msimbo wa kuingizwa kwenye kompyuta kabla hazijafanya kazi sawasawa. Mtu mwenye pikapu moja ndiye asiyeweza kumudu filta ya bei rahisi. Lakini sitaki mzigo wote umwangukie yeye, kwa kuwa hana namna ya kupima beta kaunta. Ombi langu ni kwa waagizaji na kwa mashirika yetu ya viwango, TBS na KEBS na wenzao: kila boksi la filta ya dizeli linaloingia nchini liandikwe maikroni, uwiano wa beta kwa maikroni hiyo, na kiwango cha kutenga maji, kwa Kiswahili kinachosomeka. Chakula cha kopo huandikwa kilichomo, na filta inaweza kuandikwa pia. Mpaka hapo, ndugu wenye magari, muulizeni muuzaji maswali hayo matatu, na asiyekuwa na jibu hata kwa moja, nendeni duka la jirani.